Ukoko Mweupe Kwenye Birika: Ugumu wa Maji ya Bomba na Usalama Wake

Malalamiko yanayofika kwenye maabara za maji kutoka miji ya pembezoni hufanana sana: birika limeota ukoko mweupe, sabuni haitoi povu, nguo nyeupe zimefubaa, na bomba la mvua bafuni limeziba nusu ya matundu yake. Karibu kila mlalamikaji humalizia kwa kuuliza kama maji hayo yanamdhuru. Dalili hizo zote ni za ugumu wa maji, na ugumu ni kero ya matumizi kuliko hatari ya afya. Yanayoweza kumdhuru mnywaji kwa kawaida hayaachi ukoko wowote, na mengi hayaonekani kwa macho.

Ugumu hutokana na madini mawili yaliyoyeyuka majini, kalsiamu na magnesiamu. Maji ya mvua huanguka yakiwa laini, lakini yanapopenya ardhini hukusanya gesi ya kaboni dayoksaidi iliyomo kwenye udongo, yakawa na tindikali kidogo, na tindikali hiyo huyeyusha mawe ya chokaa polepole kadiri maji yanavyopita. Ndiyo maana maji ya kisima kirefu kilichochimbwa kwenye miamba ya chokaa huwa magumu kuliko maji ya mto au bwawa. Kiwango cha ugumu hutajwa kwa miligramu za kalsiamu kabonati katika lita moja. Kwa mgawanyo unaotumika sana, maji yenye miligramu zisizozidi 60 ni laini, kuanzia 61 hadi 120 yana ugumu wa wastani, kuanzia 121 hadi 180 ni magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana.

Mji wa pembezoni una tabia yake katika jambo hili. Mara nyingi hupata maji kutoka vyanzo viwili au vitatu, kwa mfano mtambo mkubwa unaosafisha maji ya mto pamoja na visima vya karibu vinavyowashwa mahitaji yanapoongezeka. Kwa hiyo nyumba ileile inaweza kupata maji laini wiki hii na magumu wiki ijayo, na mtaa wa juu ukapata maji tofauti na mtaa wa chini ingawa wote wanalipa ankara kwa mamlaka moja. Kipimo kimoja kilichochukuliwa siku moja hakitoshi kueleza maji ya mji mzima.

Sehemu kubwa ya ukoko unaoonekana nyumbani hutokana na kile kinachoitwa ugumu wa muda. Maji yenye kalsiamu baikabonati yakichemshwa hutoa kaboni dayoksaidi, na kalsiamu iliyobaki hugeuka kuwa kabonati isiyoyeyuka, ambayo hugandamana na chuma cha moto. Ukimimina siki kidogo juu ya ukoko huo utaona vipovu vikipanda na kusikia mchirizo hafifu. Hiyo ni kaboni dayoksaidi, inayotoka siki inapoyeyusha chokaa, na ndiyo njia rahisi ya kusafisha birika. Ugumu wa kudumu, unaotokana na salfeti na kloridi, hauondoki kwa kuchemsha. Ili msomaji apate picha ya kiasi kinachohusika, uniti moja ya mita, yaani lita 1,000, ya maji yenye ugumu wa miligramu 250 hubeba gramu 250 za ugumu, zikihesabiwa kama kalsiamu kabonati. Si zote zinazoganda, lakini zile zinazoganda kwenye koili ya hita huzuia joto lisifike majini, na mwenye nyumba hulipia umeme wa kupasha chokaa.

Asiye na kifaa cha kupimia anaweza kulinganisha mwenyewe. Achukue chupa mbili safi, moja aijaze nusu kwa maji ya bomba na nyingine nusu kwa maji ya mvua, adondoshee kila moja matone sawa ya sabuni halisi ya maji, kisha atikise. Maji laini yatatoa povu zito linalodumu. Maji magumu yatatoa povu kidogo na kubaki na rangi ya maziwa, kwa kuwa sabuni imeungana na kalsiamu na kufanya utando usioyeyuka. Jaribio hili halifai kwa dawa za kisasa za kufulia, ambazo zimetengenezwa zitoe povu hata kwenye maji magumu.

Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya. Mtu anayekunywa lita mbili kwa siku za maji yenye ugumu wa miligramu 300, hata kama ugumu wote ungekuwa wa kalsiamu, hupata takriban miligramu 240 za kalsiamu yenyewe, kwa kuwa kalsiamu ni kama asilimia 40 tu ya kalsiamu kabonati, ilhali mtu mzima huhitaji karibu miligramu 1,000 kwa siku. Hofu kwamba maji magumu ndiyo yanayoleta mawe kwenye figo imeenea mno kuliko ushahidi uliopo. Kunywa maji machache kunafahamika vizuri zaidi kuwa chanzo. Maji yenye ugumu mdogo nayo yana kasoro yake: yakiwa chini ya miligramu 100 huweza kula bomba za chuma na kuyeyusha metali.

Wasiwasi wa mwananchi ungefaa kuelekezwa kwingine. Vimelea vya kinyesi havitakiwi kuwepo hata kimoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Naitreti, inayotoka kwenye mbolea na vyoo vya shimo vilivyo karibu na visima, isizidi miligramu 50 kwa lita, na ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga. Floraidi isizidi miligramu 1.5, na metali ya risasi isizidi maikrogramu 10. Kuchemsha huua vimelea, lakini hakuondoi naitreti wala floraidi. Kwa kuwa sehemu ya maji hupotea kama mvuke, kuchemsha huongeza kidogo ukolezi wa vitu hivyo viwili.

Nyumba zilizo mwisho wa bomba zina tatizo jingine, kwani klorini hupungua kadiri maji yanavyosafiri na kukaa. Inatakiwa ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita kwenye bomba la mteja, na harufu yake hafifu ni dalili njema, ingawa wengi huichukia. Mgawo wa maji huongeza hatari: presha ikishuka, uchafu wa nje huvutwa ndani kupitia nyufa. Tenki la nyumbani lisilofunikwa wala kuoshwa linaweza kuharibu kazi yote ya mtambo.

Maji meupe kama maziwa yakikingwa kwenye glasi na kuanza kung'aa kutoka chini kwenda juu yana viputo vya hewa tu. Rangi ya kahawia huashiria chuma au manganizi iliyotibuliwa bombani; acha yatiririke hadi yasafike, na usifue nguo nyeupe kabla ya hapo.

Wauzaji wa vifaa hupenda kuchanganya mambo haya. Kifaa cha kulainisha maji hubadilishana kalsiamu kwa sodiamu, takriban miligramu 46 kwa kila miligramu 100 za ugumu, jambo ambalo mwenye shinikizo la damu anapaswa kulijua. Wala hakiui kimelea hata kimoja. Chujio la mkaa huondoa klorini na ladha, ugumu hubaki palepale. Sumaku zinazofungwa juu ya bomba hazina ushahidi wa kuridhisha, nami nisingemshauri mtu yeyote kuzinunua.

Anayetaka uhakika apeleke sampuli maabara. Kwa kipimo cha vimelea, chupa hutolewa na maabara yenyewe ikiwa na dawa kidogo ndani ya kuzima klorini, kwa hiyo isisuuzwe. Acha bomba litiririke dakika moja au mbili, jaza bila kugusa mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko, iweke kwenye barafu na uifikishe siku hiyohiyo. Kwa kipimo cha risasi utaratibu hugeuka: yakingwe maji ya kwanza ya asubuhi, yaliyolala bombani usiku kucha.