Biashara si hesabu tupu

"Biashara haina hisia, ni hesabu tu." Usemi huo tumeusikia miaka nenda miaka rudi, na si kweli. Mtazame muuza nyanya aliyenunua tenga kwa shilingi 40,000. Jioni bei imeshuka, mteja anampa 30,000, anakataa: "Mtaji wangu je?" Kesho yake nyanya zimelainika, maji yanachuruzika chini ya tenga. Zile 40,000 zilishaondoka. La kuamua lilikuwa leo aokoe ngapi. Wakubwa nao wamo humo humo. Uingereza na Ufaransa ziliendelea kuigharimia Concorde, ndege ya abiria, hata gharama zilipopanda mno, na ndege zenyewe zikaundwa 20 tu. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba hasara hutuuma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyotufurahisha.