Kusajili uhamisho wa hataza: hati huhamisha, daftari hulinda

Ukinunua gari kwa mtu, ukalipa mpaka shilingi ya mwisho na kukabidhiwa ufunguo, kadi bado ina jina la aliyekuuzia. Siku muuzaji akifilisika, au akiingiwa na tamaa ya kuliuza mara ya pili, ndipo utajua kwamba ufunguo mkononi ni kitu kimoja na jina kwenye kadi ni kingine. Hataza nayo iko hivyo, ila hatari yake ni kubwa zaidi kwa sababu haina hata huo ufunguo. Hataza haiegeshwi uani wala haizungushiwi uzio wa minyaa. Ni haki iliyo kwenye karatasi, na aliyeinunua hana cha kumwonyesha mtu ila karatasi nyingine.

Tuanze na maneno yenyewe. Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi ili awazuie wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Tusiichanganye na hakimiliki ya vitabu na nyimbo, wala na hatimiliki ya kiwanja. Kuhamisha umiliki ni mwenye hataza kumpa mwingine haki hiyo yote, au fungu lake, moja kwa moja. Hapo ndipo uhamisho unapoachana na leseni, ambayo ni ruhusa tu ya kutumia huku mwenye mali akibaki yule yule. Kusajili uhamisho, sasa, ni kupeleka nakala ya hati ya uhamisho katika ofisi ya hataza ili iingizwe kwenye daftari ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma.

Nitaieleza dhana hii kwa sheria ya Marekani. Ndilo soko ambalo mvumbuzi wa kwetu mwenye ndoto kubwa hulitupia jicho mapema, na sheria yake kuhusu jambo hili ni fupi, tena imepimwa mahakamani mara nyingi. Kiini chake kiko katika kifungu cha 261 cha sheria ya hataza. Kifungu hicho kinaihesabu hataza kuwa mali ya mtu kama mali zake nyingine zinazohamishika, na kinataka uhamisho wake uwe wa maandishi. Maneno ya mdomo, hata yakisemwa mbele ya wazee kumi, hayahamishi umiliki wa hataza.

Hapa watu wengi huteleza, kwa hiyo nalisema wazi: kusajili si kuhamisha. Umiliki unahama kwa hati iliyosainiwa. Mnunuzi ambaye hajasajili bado ni mmiliki mbele ya aliyemuuzia, na muuzaji hawezi kumgeuka akasema mali imerudi kwake kwa kuwa daftari halijabadilishwa. Anachokosa mnunuzi huyo ni kinga dhidi ya mtu wa tatu. Mtu wa tatu ni mnunuzi mwingine, au mkopeshaji aliyeichukua hataza ile kuwa dhamana, ambaye ametoa thamani ya kweli na hakujua kwamba mali imeshauzwa. Mbele ya mtu huyo, sheria inauhesabu uhamisho wa kwanza kuwa batili, isipokuwa kama ulisajiliwa ndani ya miezi mitatu tangu tarehe yake, au kabla yeye hajanunua.

Tuchukue tarehe, maana bila tarehe kanuni hii inateleza kichwani. Tuseme mvumbuzi amekuuzia hataza kwa hati ya tarehe 10 Machi. Tarehe 2 Mei anamuuzia mtu mwingine hataza ile ile, na huyo analipa bila kujua lolote. Ukisajili tarehe 5 Juni, mali ni yako, hata kama siku mwenzako alipochungulia daftari hakukuta jina lako. Miezi mitatu ilikuwa haijaisha, na sheria inakulinda kurudi nyuma mpaka tarehe ya hati yako. Ukisajili tarehe 20 Juni, umechelewa. Muda umepita na mwenzako ameshanunua. Yeye ndiye mwenye hataza, na wewe unabaki na kesi ya kumdai muuzaji pesa zako, kama bado anazo.

Mnunuzi wa pili naye inafaa apige hesabu hiyo hiyo kutoka upande wake. Daftari likiwa safi leo, hiyo haina maana kwamba hakuna hati iliyosainiwa mwezi uliopita na iliyo bado ndani ya miezi mitatu yake. Kipimo hiki kimekuwamo katika sheria ya Marekani tangu 1836, zama za barua kubebwa kwa farasi na mashua. Leo hati inafika kwa dakika chache, lakini miezi ni ile ile mitatu. Ushauri wangu ni kusajili wiki ile ile ya kusaini. Sioni faida yoyote ya kungoja.

Kazi yenyewe haina ugumu. Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara ya Marekani, USPTO, inapokea hati kupitia mfumo wa mtandaoni uitwao Assignment Center, ulioanza Februari 2024. Tangu 2014 kusajili hati za hataza kwa njia ya mtandao hakutozwi ada. Ni anayepeleka makaratasi ndiye anayelipa. Unapakia nakala ya hati, na ile halisi unabaki nayo. Pamoja nayo unajaza fomu ya utangulizi: nani anatoa haki na nani anapokea, anwani ya anayepokea, namba ya hataza au ya ombi, tarehe ya kusaini, nani aandikiwe majibu, na sahihi. Unaeleza pia ni haki ya aina gani, kwa sababu daftari hilo halipokei mauzo peke yake. Linaingiza pia dhamana za mikopo, kampuni kubadili jina, kampuni mbili kuungana, hata leseni.

Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili haikataliwi. Sharti ni iambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyosainiwa na aliyeitafsiri. Kwa hiyo mkataba uliosainiwa Mwanza au Mombasa kwa lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa vizuri unaweza kusajiliwa kule, na mimi naona hiyo ni bora kuliko mvumbuzi kusaini Kiingereza cha kisheria ambacho hakijamwingia. Kushuhudiwa na wakili mthibitishaji nako si lazima, lakini kuna faida: kifungu kile kile cha 261 kinaupokea uthibitisho huo (ukifanywa nje ya Marekani, mamlaka ya mthibitishaji nayo lazima ithibitishwe) kuwa ushahidi wa awali kwamba hati ilisainiwa kweli.

Hati ikikubaliwa, unatumiwa taarifa yenye namba mbili, ya riili na ya fremu. Majina hayo ni urithi wa zama za maikrofilamu, ambapo kila ukurasa ulipigwa picha ndogo kwenye utepe uliozungushwa kama uzi kwenye kibiringo: riili ni utepe gani, fremu ni picha ya ngapi ndani yake. Siku hizi kila kitu ni faili la kompyuta, lakini namba zimebaki, nazo zitunze kama unavyotunza risiti ya benki. Kampuni ikitaka kuthibitisha kwa ofisi hiyo kwamba hataza ni yake, inataja riili na fremu, na afisa anaifungua hati pale pale.

Lakini ofisi ikisajili haijasema kwamba uhamisho ni halali. Inaangalia kama fomu imejazwa na karatasi inasomeka, basi. Haiulizi kama aliyesaini alikuwa na mali ya kuhamisha, wala kama maneno ya hati yanahamisha kitu chochote. Ni kweli usajili una uzito. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilisema kwamba hati iliyosajiliwa huchukuliwa kuwa halali mpaka anayeipinga athibitishe vinginevyo. Hata hivyo, uzito huo hauwezi kuponya hati mbovu.

Ubovu wenyewe unaweza kuwa silabi moja. Kuna tofauti kubwa kati ya “nitahamisha” na “nahamisha kwa hati hii”. La kwanza ni ahadi, la pili ni tendo. Chuo Kikuu cha Stanford kiliionja tofauti hiyo. Mtafiti wake, Mark Holodniy, alisaini mkataba uliosema kwamba anakubali kuhamishia chuo haki za uvumbuzi wake. Kisha akaenda kujifunza PCR, mbinu ya maabara ya kuzidisha nakala za DNA, katika kampuni ya Cetus, na huko akasaini karatasi iliyosema kwamba anaihamishia Cetus haki zake kwa hati hiyo hiyo. Kampuni ya dawa ya Roche baadaye ilinunua shughuli za PCR za Cetus. Stanford ilipoishtaki Roche kwa hataza za njia ya kupima virusi vya UKIMWI katika damu, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ikaamua mwaka 2009 kwamba haki za Holodniy zilikwisha kuhamia Cetus. Hati aliyoisainia Stanford baadaye haikukiokoa chuo, kwa kuwa hakuwa na kitu tena cha kuhamisha. Na Stanford haikuweza kujikinga kwa kifungu cha 261 kama mnunuzi asiyejua, maana ilihesabiwa kuwa ilikuwa na sababu ya kujua kuhusu karatasi ya Cetus. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaongeza kwamba hata utafiti uliogharimiwa na fedha za serikali kuu hauhamishi umiliki wenyewe kwa wenyewe. Uvumbuzi ni wa mvumbuzi mpaka yeye auhamishe. Kwa hiyo kabla ya kufikiria daftari, soma kitenzi.

Baada ya kitenzi, soma namba. Namba za hataza za Marekani zilifika milioni 10 mwaka 2018, kwa hiyo mpya zina tarakimu nane, na kidole kikiteleza kwenye moja tu, uhamisho wako unaandikwa juu ya hataza ya mtu usiyemjua. Yeye anakuta daftari lina doa asilolijua, na hataza yako inabaki bila kinga huku siku zinahesabiwa. Kosa hilo halifutwi. Kwa kawaida ofisi haiondoi kilichokwisha kuingizwa. Inabidi upeleke hati ya kusahihisha, ambayo itakaa daftarini pamoja na lile kosa, kisha usajili upya kwenye namba iliyo sahihi. Mwombe mtu wa pili akusomee tarakimu moja moja kwa sauti kabla hujabonyeza kutuma.

Na usajili huo ni wa Marekani tu. Kila ofisi ina daftari lake: hataza ya Kenya iko KIPI, taasisi ya miliki ya viwanda; ya Tanzania Bara iko BRELA na ya Zanzibar iko BPRA, wakala za usajili wa biashara; na zilizopitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika, zina daftari lake Harare. Uvumbuzi mmoja wenye hataza Marekani, Kenya na Tanzania Bara ni mali tatu mbele ya sheria. Hati moja inaweza kuzitaja zote kwa namba zake, lakini inapelekwa mahali patatu, na kwa ile ya Marekani siku zinaanza kuhesabiwa kwenye tarehe iliyoandikwa kando ya sahihi.