Anthony Johnson, babu anayedaiwa na wengi

Mteja huja na mti wa ukoo uliokwisha kukamilika. Kaupakua mtandaoni usiku mmoja, na juu kabisa pameandikwa Anthony Johnson, Mwafrika aliyefika Virginia, koloni la Waingereza huko Amerika, mwaka 1621. Mimi kazi yangu ni kufuatilia nasaba, na nikiliona jina hilo huagiza chai kwanza.

Mtu mwenyewe alikuwepo. Katika orodha ya wakazi wa Virginia ya mapema 1625 kuna mstari mmoja: Antonio, mtu mweusi, meli James, 1621. Basi. Hakuna umri, hakuna baba, hakuna kwao. Sisi tuliozoea "bin" itupandishe hadi babu wa tatu bila kufungua daftari, hapa tunapewa jina la ubatizo na rangi ya ngozi. Kwenye shamba hilohilo yumo Mary, aliyefika 1622 kwa meli nyingine. Kwa kuwa mke wa Anthony Johnson naye aliitwa Mary, watafiti humchukulia Antonio huyu kuwa ndiye. Naikubali hoja hiyo, ila ni hoja, si hati.

Hati zenyewe zinaanza baadaye, kaunti ya Northampton, ambako kumbukumbu za mahakama hazijakatika tangu 1632. Ninayoipenda zaidi ni hati ya ardhi ya 1651. Johnson alipewa ekari 250, kwa sababu koloni lilitoa ekari 50 kwa kila mtu aliyelipiwa nauli ya kuingia, naye aliwasilisha majina matano. Wanaoanza kazi hii huyasoma majina hayo kama orodha ya familia au ya abiria wa meli moja. Siyo. Haki hizo ziliuzwa na kununuliwa kama bidhaa, hivyo jina kwenye hati halithibitishi undugu, wala mwaka wa kufika. Mojawapo limeandikwa Gesorroro. Litamke polepole, kisha ulilinganishe na John Casor, mtumishi wa Johnson aliyedai kuwa yu huru, hata Johnson akamshtaki jirani aliyemhifadhi. Huenda ni mtu mmoja. Karani aliandika alichosikia, kwa hiyo nasi hatuna budi kusoma kwa sikio.

Mahakama iliamua Casor arudishwe kwa Johnson. Ndiyo, Mwafrika akimmiliki Mwafrika. Wapo wateja wanaotaka tulipite haraka hilo. Tarehe yake nayo ni mtego: 8 Machi, mwaka 1654 katika kitabu kimoja, 1655 katika kingine. Vyote viko sahihi. Waingereza wakati huo walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, na waliendelea hivyo hadi 1752. Nimeona mtu "akizaliwa" baada ya kubatizwa kwa sababu ya kalenda hiyo tu.

Familia ilihamia Maryland miaka ya 1660, Anthony akafariki 1670. Mjukuu wake, John, alinunua ekari 44 mwaka 1677, shamba akaliita Angola. Hilo jina ndilo dokezo pekee la asili ambalo familia yenyewe ilituachia. Karne ya 18 ikiingia, nyaraka zinanyamaza.

Kimya hicho ndicho miti ya mtandaoni hukiruka. Tangu 1662 sheria ya Virginia ilisema mtoto hufuata hali ya mama, huru au mtumwa. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila kizazi ni mama. Swali la pili ni 1870, sensa ya kwanza ya Marekani kuwataja kwa majina watu waliokuwa watumwa. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la mmiliki.

Mti ulioletwa kwangu juzi ulikuwa na vizazi sita vya akina Johnson bila mama hata mmoja. Niliurudisha, nikamwomba mwenyewe aanze na cheti cha kuzaliwa cha bibi yake.