Ncha nne za khanga: kujifunza cherehani ukiwa umekwama nyumbani

Nyumba nyingi za hapa Moshi zina cherehani ya kukanyaga iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake pamewekwa redio au picha ya harusi. Ilikuwa ya bibi, au mama alikuja nayo alipoolewa, na watoto wote wamekua wakiambiwa wasiiguse. Nafundisha ushonaji kwenye chuo cha ufundi mwaka wa 22 sasa, na simu za kuulizia cherehani hizo huwa zinanijia kwa mafungu. Fungu kubwa kuliko yote lilikuja Machi 2020. Shule zilifungwa tarehe 17, vyuo kesho yake, watalii wakakoma, na mji unaokula kwa Mlima Kilimanjaro ukabaki na vijana wenye nguvu zao wamekaa barazani. Simu hazijaisha hata leo. Anapiga aliyepunguzwa kazini, anapiga mama aliye kwenye likizo ya uzazi, anapiga binti anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Swali lao ni moja: "Mwalimu, niko nyumbani na muda ninao, nianzie wapi?"

Nawaambia waanze na miguu, tena wasizidishe dakika 40 kwa siku. Hapo ndipo ubishi unapoanza, kwa sababu mtu aliyekwama nyumbani ana siku nzima mkononi na anataka kuitumia yote.

Mwaka ule wa 2020 kulikuwa na kijana mmoja jirani yangu, dereva wa watalii. Gari limeegeshwa, mshahara hakuna, na mama yake alikuwa na cherehani ya Butterfly nzuri kabisa. Siku ya kwanza alikaa kwenye cherehani tangu chai ya asubuhi mpaka jua likazama. Alipania kushona shati. Jioni akaja getini kwangu mgongo umemkakamaa, mkononi ana kipande cha kitambaa ambacho upande wa chini kilikuwa na lundo la nyuzi kama kiota cha ndege. Akasema, "Shikamoo mwalimu. Mashine imeharibika." Nikamwitikia, nikamwambia, "Mwanangu, mashine ni nzima. Wewe umechoka."

Mwaka 1978, Uingereza, watafiti Alan Baddeley na Longman walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa posta waliokuwa wakifundishwa kupiga chapa. Kundi moja lilifanya mazoezi saa 1 tu kwa siku, jingine saa 4. Ukijumlisha saa zote, waliofanya saa moja kwa siku walihitaji saa pungufu kuliko wenzao kufikia kiwango kilekile. Kinachonigusa zaidi ni kwamba hao hao ndio waliokuwa hawaridhiki na utaratibu wao, kwa kuwa waliona wanachelewa wakilinganisha siku zao na za wenzao. Kila mwaka nawaona wanafunzi wa namna hiyo: anayejifunza vizuri anajiona yuko nyuma. Kuna na jambo la usingizi. Mazoezi ya mkono na mguu huendelea kukaa sawa kichwani wakati umelala, ndiyo maana mstari uliokushinda jana jioni unakuja wenyewe asubuhi. Ukishona saa tisa mfululizo, zile za mwisho unazitumia kuzoea makosa.

Kwa hiyo miguu kwanza. Toa uzi wote, inua mguu wa cherehani, yaani kile chuma kidogo kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano, usiguse meno yaliyo chini yake, kisha kaa wima ukiielekea sindano. Weka nyayo zote mbili juu ya kibao cha kukanyagia, mmoja mbele kidogo ya mwingine. Zungusha gurudumu kwa mkono wa kulia kuja upande wako, kisha miguu ipokee. Tatizo la kila anayeanza ni gurudumu kurudi kinyume, na likirudi kinyume uzi hukatika au hujifunga. Usiruke hatua hii hata kama inakuchosha roho. Kanyaga mpaka uweze kuanza polepole, kwenda polepole, na kusimama unapotaka bila gurudumu kugeuka. Yule dereva nilimpa siku 3 za miguu peke yake. Alikasirika. Nikamwuliza kama yeye alianza kujifunza gari kwa kushuka barabara ya mlimani ya Marangu na watalii nyuma.

Siku ya nne, chukua daftari la mtoto lenye mistari. Weka sindano kuukuu, kwa kuwa karatasi hutafuna makali ya sindano, na bila uzi wowote shona juu ya mstari. Nalipenda zoezi hili kuliko yote ninayofundisha, maana karatasi haifichi kitu. Iinue kwenye mwanga wa dirisha uone matundu yako: pale yalipotoka nje ya mstari, pale yalipobanana kwa kuwa uliivuta karatasi, pale yalipopinda kwa kuwa mkono ulikuwa unabishana na meno. Meno ndiyo yanayosogeza kitambaa, kazi ya mikono yako ni kukielekeza tu. Tena usiitazame sindano, inakwenda kasi kuliko jicho. Tazama ukingo wa mguu wa cherehani na mstari unaouendea, kama unavyotazama barabara ya mbele wakati wa kuendesha baiskeli.

Ukimaliza kurasa kumi hivi, uzi uruhusiwe kuingia. Hapa ni vizuri ujue kinachotendeka chini ya bamba la chuma ambamo sindano inazama, maana ndipo watu wengi wanapokata tamaa na kuifunika mashine tena. Sindano ya cherehani ina tundu karibu na ncha yake. Inaposhuka inapeleka uzi wa juu chini, na inapoanza kupanda uzi huo unafanya kitanzi kidogo. Ndoana iliyo chini inakidaka kitanzi, inakizungusha kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo kilichobeba uzi wa chini, na uzi wa juu unavutwa kurudi ukiwa umeukumbatia uzi wa chini. Mshono mzuri ni ule ambao nyuzi hizo mbili zimekumbatiana katikati ya unene wa kitambaa, juu huoni wa chini, chini huoni wa juu.

Ukilielewa hilo utajua kwa nini kile kiota cha dereva hakikutokana na bobini. Uzi ukijaa upande wa chini, karibu kila mara kosa liko juu: uzi haukuingia kwenye visahani vya tensheni, vile viwili vinavyoubana uzi wa juu, kwa hiyo hakuna kinachouvuta urudi. Uvute wote, inua mguu wa cherehani ili visahani viachane, pitisha uzi upya tangu mwanzo, kisha shusha mguu na ujaribu. Nimeona watu wakimwita fundi na kumlipa kwa jambo la nusu dakika. Uzi wa juu ukikatika kila mara, tazama sindano. Ina mfereji mrefu upande mmoja, na mfereji huo lazima utazame upande ule uzi unakoingilia. Ikiwa imekaa sawa na bado uzi unakatika, weka mpya. Kwa khanga na vitenge namba 14 inatosha. Kwenye pakiti imeandikwa 90/14, na ile 90 maana yake ni unene wa milimita 0.9. Na tafadhali, mafuta yawe ya cherehani. Ya kupikia hugeuka gundi ndani ya wiki chache, na mashine nyingi za bibi zimekufa hivyo.

Sasa kazi ya kwanza. Usishone shati, wala gauni, wala sare ya mtoto. Nunua doti ya khanga ambayo haijapindwa, au mwombe mama, dada au shangazi yako akupe aliyokuwa anataka kuipeleka kwa fundi. Doti ni khanga mbili zilizoungana. Ukizikata katikati unapata vipande viwili, na kila kimoja kina ncha mbili za kupinda. Kingo ndefu zimeshafumwa kiwandani, hazichomoki nyuzi. Kila ncha ina karibu sentimita 110, kwa hiyo una mita 4 na ushee za mstari ulionyooka. Sijapata kuona kazi nyingine inayomfaa mwanafunzi namna hii. Khanga mpya ina wanga, imekakamaa, ukiikunja inatii. Basi ipinde kabla ya kuifua. Kunja nusu sentimita, bonyeza kwa kucha au pasi, kunja tena nusu sentimita, bonyeza. Weka mshono wenye hatua za urefu wa milimita 2.5 hivi, pita karibu na ukingo wa ndani wa mkunjo, na mwanzo na mwisho rudisha mshono kidogo ili usifumuke. Pinda ncha moja kwa siku, kisha funika mashine hata kama mkono bado unawasha.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua khanga. Itavaliwa. Kitambaa cha mazoezi kinaishia kwenye mfuko wa mabaki, lakini khanga mama ataifunga kiunoni kesho asubuhi, na utauona mshono wako ukipita uani na ndoo ya maji. Yule dereva alipomaliza ncha ya nne alinipigia simu niende kwao. Alizitandaza zote mbili juu ya kitanda. Ncha ya kwanza ilikuwa imeyumba kama njia ya ng'ombe. Ya pili ilinyooka nusu. Ya tatu alikuwa ameifumua mara mbili kwa wembe, matundu yalionekana. Ya nne nilipitisha kidole kutoka pembe hadi pembe, sikukuta pa kumsahihisha. Alitaka kuifumua ya kwanza airudie, mama yake akamnyang'anya wembe na kuivaa vilevile.

Watu huniuliza lini waanze kupokea kazi za kulipwa, na wengi huuliza wiki ya kwanza. Naelewa, mfuko ukiwa mtupu mtu hatafuti cha kupitisha muda. Lakini kitambaa cha mteja ukikiharibu unakilipa, na hofu ya kukilipa inakaza mabega. Shonea nyumba yako kwanza, miezi miwili mitatu. Nyumba ina mapazia, ina foronya, ina nguo za shule zilizofumuka kwapani.

Foronya ndiyo nawapa baada ya khanga, kwa ajili ya pembe tu. Ukifika kwenye pembe usikate uzi. Simamisha gurudumu sindano ikiwa imezama ndani ya kitambaa, inua mguu wa cherehani, geuza kitambaa mpaka ukingo mpya ukutazame, shusha mguu, endelea kukanyaga.