Kukosa nafasi si kukosa kipaji

Wazazi wengi ambao watoto wao wanaomba shahada ya uigizaji na tamthilia za muziki Marekani huamini kwamba mtoto akikataliwa, basi hana sauti. Sivyo.

Vyuo kama Carnegie Mellon na Michigan hupokea maombi mengi mno, na darasa moja halifiki hata vijana 30. Kwanza hutumwa video. Anayepita huitwa kwenye usaili. Januari na Februari vyuo vingi hukutana New York, Chicago na Los Angeles, mtoto akizunguka chumba hadi chumba. Humo huimba vipande viwili vifupi na huigiza kama dakika moja.

Sasa, walimu hawapangi watoto kwa maksi tu. Wanaunda kundi litakalopanda jukwaani pamoja miaka minne, kama mwalimu wa kwaya anavyojaza safu zake. Akishapata soprano anaowahitaji, anayefuata, hata awe hodari vipi, hana pa kukaa. Chuo kingine kilichopungukiwa soprano huenda kikampokea kwa wimbo uleule. Ndiyo maana familia huomba vyuo 10 au zaidi (na ada za fomu, jamani, si mchezo).