Mtoto wa chekechea akitulia sana, mimi ndo naanza kuwa na wasiwasi

Juzi nimesikia tena ile ya mtoto akitulia ndo anasoma. Mama mmoja kaja kliniki na kijana wake wa miaka minne na nusu, hata hajakaa vizuri ananiambia dokta (mimi ni fizio wa watoto, yaani mtu wa mazoezi tiba, siyo dokta, nimeshachoka kusahihisha), mwalimu kasema huyu mtoto hatulii, kwenye kiti anajinyonganyonga, mara kapiga goti mara kasimama, mwandiko wake kama kuku kaparua, nimlete aangaliwe kama ana haipa, yaani kutotulia kupita kiasi, au usonji.

Nikamuuliza ratiba yake ikoje. Basi la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, anafika saa moja na robo. Wanakaa darasani mpaka saa nne, wanakunywa uji, wanarudi kukaa mpaka saa saba, basi tena, nyumbani saa tisa, halafu homuweki ya kuandika 1 mpaka 50 kurasa mbili. Nikasema haya, na muda wa uji si wanatoka nje? "Hapana, wanakunywea hapo hapo kwenye viti, madam hataki wachafuke."

Nikamchukua kijana tukatoka nje, pale kliniki tuna ngazi na bembea ya tairi. Dakika kama ishirini hivi kapanda, karuka, kanisaidia kubeba vile vifuko vya mchanga, jasho linamtoka. Tukarudi ndani akakaa kitako akachora gari lina matairi manne na dereva ana masikio. Sasa sisemi kila mtoto asiyetulia ni mzima, wapo wenye shida kweli na tunawaona, ila huwezi kumpima mtoto wa miaka minne aliyekalishwa tangu alfajiri ukasema umempima.

Hii ndo dhana inayonichosha kuliko zote, kwamba mtoto akitulia ndo anasoma. Nimeisikia kwa walimu, kwa wazazi, kwa mameneja wa shule, na juzi kwa dereva wa basi.

Kukaa ni kazi ya misuli jamani. Mtu mzima hatuoni kwa sababu tumeshazoea, lakini kukaa wima bila kuegemea kunataka misuli ya tumbo, mgongo na nyonga ifanye kazi muda wote bila kupumzika, na ya mtoto wa miaka minne bado inachoka haraka. Ikichoka anafanyaje? Anaegemea meza, anakunjia miguu chini ya makalio, anashikilia kichwa kwa mkono mmoja, anasimama. Mwalimu anaona utundu, mimi naona mtoto anatafuta namna ya kuendelea kukaa! Halafu ongeza na madawati yenyewe, shule nyingi mtoto wa awali anakalia dawati la darasa la tatu, miguu inaning'inia. Jaribu wewe, kalia stuli ndefu ya baa miguu haigusi chini, andika barua saa mbili mfululizo, uniambie kama hutajinyonganyonga.

Kingine, ndani ya sikio kuna mirija mitatu midogo yenye majimaji, ndo inayouambia ubongo kichwa kinainama, kinageuka, kinazunguka. Hiyo taarifa pamoja na ile inayotoka kwenye misuli na maungio inasaidia ubongo kubaki macho. Mtoto akikalishwa tuli muda mrefu taarifa zinapungua, anaanza kusinzia, na mwili wake una akili kuliko sisi, unajiamsha kwa kutingisha kiti. Ukimkemea aache unapata mtoto aliyetulia kweli, anakutazama wewe, na hayupo.

Sasa mwandiko. Hapa ndo napandwa na presha kabisa. Mwandiko mbaya, dawa eti aandike zaidi. Kwenye kifundo cha mkono mtu mzima ana vijifupa vinane, mtoto kwa kawaida anazaliwa vyote vikiwa bado gegedu, vinageuka mfupa kimoja kimoja mwaka hadi mwaka na cha mwisho kinaanza kati ya miaka 8 na 12. Kwa hiyo huyo wa bebi klasi unayemlazimisha ashike penseli kama karani, mkono wake wenyewe bado unajengwa. Na penseli haianzii kwenye vidole, inaanzia begani. Bega likiwa legelege mkono mzima unayumba, mtoto anafidia kwa kubana penseli mpaka kucha zinakuwa nyeupe, baada ya mistari miwili anasema mkono unauma na anaitwa mvivu.

Bega linajengwa kwa kubeba uzito wa mwili. Kupanda mpera, kuning'inia, kuvuta kamba, kutembea kama kaa tumbo likiangalia juu, yaani hii ya kaa ningekuwa na uwezo ningeiweka iwe lazima kila asubuhi kabla ya daftari kufunguliwa, haina gharama na watoto wanacheka mpaka wanaanguka. Vidole vinajengwa na udongo wa mfinyanzi, kukanda unga, kukamua kitambaa, na mdako, ule ule tuliokatazwa kucheza barazani. Kutambaa na kuning'inia kwanza, kuandika kunafuata.

Najua walimu mtaniambia nini, mzazi anataka daftari lijae. Ni kweli, anakuja mwisho wa mwezi anahesabu kurasa, akikuta wino mwekundu kidogo anaona ada imeliwa. Lakini Ufini huko mtoto anaanza darasa la kwanza mwaka anaotimiza miaka 7, na kabla ya hapo ni michezo kwa sehemu kubwa, na hakuna anayesema Wafini hawajui kusoma. Wenzetu Kenya nao kwenye PP1 na PP2, yale madarasa yao mawili ya awali, shughuli za mwili na ubunifu zimeandikwa kwenye mtaala kama eneo la kujifunza kabisa, sawa na hisabati. Kama zinafanyika kila darasa hilo ni jambo lingine.

Na wala sijasema wakimbie kutwa nzima. Kila baada ya dakika kumi na tano, ishirini, wainue dakika tatu. Andika namba sakafuni kwa chaki, mwambie Neema ruka kwenye saba, sasa rudi hatua mbili, uko wapi? Hiyo ni hesabu ya kutoa na amefanya na mwili wake. Herufi S itandike kwa kamba waitembelee bila viatu. Anayechoka kukaa mruhusu alale kifudifudi kwenye mkeka aandike hapo, shingo na mabega vinapata kazi. Na yule mtukutu wako mpe kazi nzito, asukume viti, abebe rundo la madaftari, alete kindoo cha maji. Madam mmoja aliniambia nikifanya hivyo namzawadia mtundu. Haya, basi mzawadie, ila utamaliza somo zima bila kumtaja jina lake mara arobaini.

Dhana zilizobaki nazipitia haraka haraka.

"Si anacheza nyumbani?" Saa ngapi? WHO mwaka 2019 walitoa mwongozo, mtoto wa miaka 3 na 4 anatakiwa dakika 180 za kujishughulisha na mwili kila siku, 60 kati ya hizo ziwe za kutoa jasho, na asikae amefungwa sehemu moja zaidi ya saa 1 kwa mkupuo. Basi la shule peke yake limeshaivunja hiyo ya mwisho kabla jua halijachomoza vizuri. Akifika nyumbani ni fleti ghorofa ya tatu, dada ana kazi zake, anawashiwa katuni. Kioo cha TV au simu nacho mwongozo unasema kisizidi saa 1 kwa siku, hapo ni mpaka baba arudi.

"Hatuna uwanja." Kidali po unahitaji uwanja? Kuruka kamba? Darasa la watoto sitini, sawa, toeni nusu kwa zamu kwenye korido. Hii sijibu zaidi.

"Mtundu anyimwe mapumziko." Yaani mtoto hatulii kwa sababu hajacheza, adhabu yake asicheze. Chama cha madaktari wa watoto Marekani kilishaandika tangu 2013 kwamba mapumziko yasiondolewe kwa ajili ya adhabu wala kwa ajili ya masomo. Na ndugu yake na hii ni adhabu ya kuruka kichura. Unamfundisha mtoto kuwa kutumia mwili ni mateso, halafu akifika miaka thelathini na tano ana kitambi tunamwambia fanya mazoezi.

"Ana pumu, mwacheni akae." Pumu ikidhibitiwa anacheza, aanze taratibu, pampu yake iwe karibu na mwalimu ajue kuitumia, siyo ifungiwe ofisini kwa mkuu na funguo kaondoka nazo. Mwenye selimundu naye anacheza, ila anywe maji mara kwa mara, asipigwe na baridi, akisema nimechoka anapumzika hapo hapo bila kubembelezwa aendelee. Mwenye mtindio wa ubongo ndo kabisa, huyo misuli ikikaa bila kunyooshwa inakakamaa, na bado ndo tunayemkuta amewekwa pembeni kwenye kona anaangalia wenzake, eti asije akaumia. Kama hawezi kurusha mpira kwa kusimama arushe amekaa.

"Msichana hapandi panda." Kaptura chini ya sketi. Tumemaliza.

Na ya mwisho ni ya dei kea, kwamba kigari kinamfundisha mtoto kutembea. Nimeingia sehemu moja nimekuta vigari vinne vimejaa watoto, vimepangwa kama bajaji kituoni. Kigari kinambeba, hajifunzi kujinyanyua, hajifunzi kuanguka, anasukuma kwa ncha za vidole, na watoto wanaotumia sana wengine wanachelewa kutembea. Kanada walipiga marufuku kuviuza tangu 2004 kwa sababu ya watoto kuporomoka navyo kwenye ngazi. Mtandikie mkeka. Kama hajaanza kutambaa mlaze kifudifudi akiwa macho na wewe ukiwepo, jumla dakika 30 kwa siku, vipande vipande, akilia mwinue, baadaye mrudishe tena.