Pua haipimi sumu, jamani

Kila msimu wa kupulizia mikorosho ukianza hapa Masasi najua kuna neno nitalisikia dukani mpaka masikio yachoke: "bwana shamba, hii dawa mbona hainuki, si wameichakachua?" Juzi tena, mzee mmoja kafungua kifuniko, kazamisha pua kabisa, kavuta, halafu kanirudishia kopo eti haina makali. Nikamwambia mjomba, hapo ulipovuta ndo umeshaionja.

Sasa tuelewane. Sumu inapimwa kwa kiasi kilichoingia mwilini ukilinganisha na uzito wa mwili. Kipimo kinachotajwa sana ni LD50, alikileta mwanasayansi Trevan kule Uingereza mwaka 1927: miligramu ngapi kwa kila kilo ya mnyama zinaua nusu ya wanyama wa majaribio, mara nyingi panya wa maabara. Na hapa hata waliosoma wanajichanganya, namba ikiwa NDOGO sumu ndo KALI, maana kidogo tu kinatosha. Salfa ya unga ya kupulizia mikorosho mnayoilalamikia inawasha macho na kukohoza, kwa panya aliyelishwa inapita 2000. Chumvi ya mboga kama 3000. Kafeini, hiyo hiyo ya kwenye kahawa, haifiki hata 400! Kwa hiyo gramu kwa gramu kafeini inaiacha salfa mbali, ila hamna mtu anavaa barakoa kunywa kahawa kwa sababu kikombe kimoja kina kafeini kidogo mno. Na ndo maana pia mtoto wa kilo 10 akilamba kijiko kile kile alicholamba baba wa kilo 70, mtoto kapata mara saba kwa kila kilo ya mwili wake.

Harufu basi? Paraquat ya kuulia magugu yenyewe karibu hainuki, ule uvundo watengenezaji wameuongeza makusudi ili mtu asije akainywa akidhani kinywaji. Gesi ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa haina harufu kabisa na inaua watu usingizini. Ukitaka kujua ukali angalia mstari wa rangi kwenye lebo, nyekundu ndo hatari zaidi, kisha njano, bluu, kijani. Kijani nayo sio juisi.

"Ya asili haina sumu." Waulize akina mama wanaobangua korosho, mafuta ya ganda yanavyobabua vidole. Mihogo michungu isiyolowekwa vizuri ina sumu ya sayanaidi, na ugonjwa wa konzo unaopoozesha miguu huku Mtwara umeshaonekana.

"Akinywa sumu mpe maziwa." Acheni! Maziwa hayakati sumu, kuna sumu zinazoyeyuka kwenye mafuta ukizipa maziwa unazisaidia kuingia. Na aliyekunywa mafuta ya taa usimtapishe, yakipanda yanaingia mapafuni. Hospitali, na kopo lenye lebo mkononi ili daktari ajue anapambana na nini.

"Napulizia miaka ishirini bila barakoa na sijafa." LD50 inahesabu vifo vya dozi moja tu mzee wangu, haisemi chochote kuhusu kinachojikusanya kidogo kidogo kwenye mapafu na ini.

Na wewe uliyenipigia asubuhi kuomba nikupimie nusu lita kwenye chupa ya maji ya kunywa kwa sababu kopo zima ni ghali, jibu langu bado ni hapana, nina wajukuu.